Bima ya gari imepanda, mume wangu anadhani nimegonga mtu

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, Texas, tangu mwaka 2016. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Mume wangu naye ni Mtanzania, anafanya kazi ghalani, yeye mchana. Naomba jina langu lisitokee, maana huku tunajuana wote.

Tuna magari mawili kwenye bima moja, na bima iko kwa jina langu kwa sababu ndiye niliyetangulia kufika na kupata leseni. Tangu niipate sijagonga hata pipa la taka, wala sijawahi kuandikiwa faini ya mwendo kasi. Wiki tatu zilizopita ikaja bahasha ya kampuni ya bima. Bima yetu ya miezi sita imetoka dola 1,120 hadi dola 1,690. Ndani mlikuwa na karatasi ya pili inayosema kwamba bei hiyo imechangiwa na taarifa zilizomo kwenye historia yangu ya mikopo.

Mimi najua imetoka wapi. Mwaka 2022 mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alitaka kununua gari kwa mkopo. Alikuwa mgeni, hana historia yoyote huku, wauzaji wakamwambia alete mdhamini. Mume wangu alikuwa ameshanionya: "Yule kijana usimsainie kitu." Nikamsainia. Amelelewa na mama yangu, tumekula sahani moja, ningemwambiaje hapana? Alilipa mwaka mmoja na ushei, akapoteza kazi, akahamia Ohio. Gari likachukuliwa usiku na bredauni, likapigwa mnada, na deni lililobaki, dola 7,400, likanigeukia mimi. Barua za wadai nazidaka mwenyewe, kwa kuwa mchana niko nyumbani nimelala na mume yuko kazini. Hajui chochote.

Mwaka 2023 mama alifariki. Tiketi na gharama za mazishi nilizilipia kwa kadi mbili za mkopo, na kwa miezi kadhaa nilichelewa kuzilipa. Hizo kadi mume anazijua.

Malipo mapya ya bima yalipokatwa kwenye akaunti yetu, mume aliniuliza, "Umegonga mtu?" Nikamjibu hapana, bima zimepanda Texas nzima. Si uongo kabisa, hata kazini kwetu kila mtu analalamika. Lakini hakuniamini. Tangu siku ile nikirudi asubuhi namwona anazunguka gari langu, anainama, anakagua bampa.

Mwenzangu mmoja kazini anasema nitumie anwani ya dada yake aliyeko California, kule hawaangalii madeni ya mtu. Mwingine anasema nipunguze, nibaki na bima ndogo. Mume anataka aihamishe bima yote kwa jina lake, kwenye kampuni nyingine, na hapo ndipo ninapopata baridi ya tumbo, kwa sababu wataniulizia na mimi, halafu sababu itajulikana. Nimefikiria pia pesa za mchezo. Desemba ni zamu yangu kupokea, dola 5,000, na tulishazipangia bati za nyumba yetu Tanga. Nikilipa deni kimya kimya pengine bima itashuka na mambo yataisha.

Kuna kitu kingine kinachoniuma. Kwenye huo mchezo tuko wanawake 10, huu ni mzunguko wa sita, sijachelewa hata mara moja, na sasa mimi ndiye kijumbe. Wenzangu tisa wananikabidhi pesa zao bila kuandikishana. Kodi ya nyumba nalipa kila tarehe moja. Halafu inakuja karatasi kuniambia mimi ni mtu wa hatari barabarani, kwa sababu ya gari ambalo sijawahi hata kuliendesha. Bahasha nimeificha chini ya mfuko wa sembe. Nifanyeje?

Dereva wa usiku, Houston

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole sana kwa mama. Umemtaja kwa maneno machache ukapita, kama mtu anayeogopa akisimama hapo hataweza kuendelea na barua. Nitamrudia, kwa sababu hata sheria ya Texas ina neno juu ya msiba wako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza habari ya bima, na ya bima nitakujibu, ila picha iliyonibaki kichwani ni ya mwanamume anayezunguka gari alfajiri akitafuta mkwaruzo ambao haupo. Kwenye bahasha yako moja mna mambo mawili: bei iliyopandishwa na kompyuta ya watu msiojuana nao, na deni ambalo mtu unayelala naye kitanda kimoja halijui. Umeyafunga pamoja ukidhani la kwanza likishuka la pili litayeyuka. Tuyafungue.

Tuanze na karatasi. Unasema imekuita mtu wa hatari. Kampuni za bima za Marekani zilianza kutumia historia ya mikopo kwa wingi miaka ya 1990. Huchukua taarifa zilizoko kwenye mashirika ya Equifax, Experian na TransUnion, kisha huzipigia hesabu ya kwao, tofauti na ile ya benki, ili kukisia nani ataleta madai ya fidia. Mwaka 2007 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa ripoti juu ya hesabu hizo. Ilikuta kwamba zinabashiri madai kweli. Ilikuta pia kwamba watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini ni wengi kuliko kawaida kwenye alama za chini. Lakini kwa nini aliyechelewa kulipa kadi alete madai mengi kuliko mwenzake, tume haikupata maelezo ya hakika.

Kwa hiyo kampuni yako haijui unavyoshika usukani saa tisa za usiku. Inachojua ni kundi ambalo makaratasi yako yamekuweka. Mimi sioni haki katika hilo, na siko peke yangu. Jarida la Consumer Reports mwaka 2015 lilionyesha kwamba huko Florida dereva mwenye rekodi safi na krediti mbaya, yaani historia mbaya ya mikopo, alikuwa anatozwa zaidi kuliko mwenye krediti nzuri aliyepatikana na hatia ya kuendesha amelewa. California, tangu wapiga kura walipopitisha sheria yao ya 1988, bei ya bima ya gari inatakiwa isimame kwanza juu ya rekodi ya udereva, maili unazotembea na miaka uliyoendesha. Hawaii na Massachusetts nazo hazikubali krediti itumike kupangia bei hiyo. Jimbo la Washington kamishna wa bima alijaribu kuizuia mwaka 2021, kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka uliofuata jaji akaitengua kanuni yake. Jambo lenyewe bado linagombaniwa na wakubwa, mwanangu. Usilichukue kama hukumu juu ya utu wako.

Tena fikiria hili. Mchezo wenu, mizunguko sita bila kuchelewa, hakuna kijumbe anayepeleka taarifa zake Equifax. Kodi ya nyumba nayo mara nyingi haifiki huko. Ungekuwa Tanga unakata bima ndogo, wangekuuliza habari za gari, wala wasingetaka kujua unadaiwa na nani. Ukiiuliza karatasi hiyo kama wewe ni mwaminifu, unaiuliza kitu ambacho haikuwahi kuambiwa.

Sasa haki zako, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona umeificha bahasha kabla ya kuimaliza. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia taarifa za mikopo ndiyo iliyoilazimisha kampuni ikutumie ile karatasi ya pili. Humo lazima mna jina la shirika lililotoa taarifa, na una siku 60 za kuliomba nakala yako bure. Iombe. Soma deni la mdogo wako limeandikwaje: kiasi, tarehe, kama limeandikwa mara mbili, mara kwa mkopeshaji na mara kwa mkusanya madeni. Hilo hutokea. Kukiwa na kosa, unalipinga kwa maandishi, na shirika kwa kawaida lina siku 30 za kuchunguza. Likirekebishwa, kampuni ya bima nayo inatakiwa ikupigie hesabu upya.

Na mnada ule, je, uliarifiwa kabla gari halijauzwa? Mdhamini naye anastahili kuarifiwa, na gari linatakiwa liuzwe kwa namna inayokubalika kibiashara, lisitupwe kwa bei ya kutupa. Kama hukupata barua yoyote, wapelekee swali hilo wanasheria wa msaada wa kisheria kabla hujamlipa mtu hata dola moja. Pengine dola 7,400 si 7,400.

Sasa mama. Sheria ya bima ya Texas inaitaka kampuni, mteja akiomba kwa maandishi, imfikirie kwa namna ya pekee yule ambaye taarifa zake za mikopo zimeharibiwa moja kwa moja na mambo fulani: ugonjwa au jeraha kubwa, kifo cha mwenzi, mtoto au mzazi, kupoteza kazi kwa muda, talaka, au kuibiwa utambulisho. Kifo cha mzazi kimo. Zile kadi mbili ulizochelewa kuzilipa mwaka 2023 zinaingia hapo moja kwa moja. Watakuomba ushahidi, basi tafuta cheti cha kifo cha RITA, tiketi, na taarifa za kadi za miezi ile. Sikuahidi kwamba watashusha bei yote, kwa kuwa gari la mdogo wako halimo kwenye orodha: aliyepoteza kazi ni yeye, na sahihi ni yako. Lakini nimeona umebeba msiba na deni la mtu kwenye kapu moja la aibu, na mmoja kati ya hiyo mizigo hauna aibu yoyote.

Niseme haraka juu ya shauri la wenzako. Anwani ya California ni hatari kuliko zote. Gari linalolala Houston likikatiwa bima kana kwamba linalala kwingine, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa au kuifuta bima tangu mwanzo, na hapo ndipo utakuwa umefanya kosa la kweli barabarani. Bima ndogo inaruhusiwa. Texas kiwango cha chini cha fidia kwa unaowagonga ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali ya watu. Lakini haitengenezi gari lako ukigonga, na kama gari bado lina mkopo, aliyekukopesha hatakubali. Jiulize, bila gari utafikaje zamu ya usiku?

Kutafuta bei kwa kampuni nyingine hakuna ubaya. Kampuni ya bima ikichungulia historia yako kwa ajili ya bei, alama zako hazishuki, na kila kampuni ina uzito wake inaoupa krediti. Wengine watakupa programu ya simu inayopima unavyofunga breki na saa unazokuwa barabarani. Kwa dereva mwangalifu kama wewe inavutia. Ila uliza kwanza inazihesabuje saa za usiku wa manane, maana nyingi huziona ni saa za hatari, na mkate wako uko usiku.

Shauri la mumeo, la kuihamisha bima kwa jina lake, linaweza hata kusaidia kama krediti yake ni nzuri. Kampuni itataka kujua madereva wote wa nyumbani, kwa hiyo umeona sawa kwamba utaulizwa. Kuna watu hufikia kumwandika mke kuwa dereva aliyeondolewa kwenye bima. Hilo likifanyika halafu ukalichukua gari usiku mmoja ukapata ajali, bima hiyo haikutambui.

Na mchezo. Hapa sitaki kukuambia lipa wala usilipe. Nakuomba tu uone pesa hizo zitanunua nini. Deni likilipwa, rekodi ya kwamba lilikushinda inaweza kubaki hadi miaka saba tangu malipo yalipoanza kukwama, kwa hiyo bima haitashuka mwezi wa pili kama unavyotumaini. Mume atauliza bati ziko wapi. Hapo utahitaji jibu jingine, nalo litahitaji jibu la kulishikilia. Lakini ukimlipa mdai kwa makubaliano ya maandishi, baada ya kuhakiki kiasi, utalala bila kuogopa hodi ya mahakama. Hilo nalo si dogo. Texas mshahara wenyewe haukatwi kwa deni la namna hii, ila mdai akishtaki akashinda, pesa zilizokwisha kuingia kwenye akaunti mnayoitumia wote zinaweza kuguswa. Mume wako anaweza kuja kulijua jambo hili kwenye kaunta ya benki. Naogopa hilo zaidi kuliko ninavyoogopa dola 570 za bima.

Umeandika "hajui chochote", na unaamini kimya chako kinamlinda. Nikuulize kwa upole: kinamlinda na nini? Kwa sasa anaamini jambo baya zaidi kuliko lililotokea. Mtu anayeinama kila asubuhi kukagua bampa pengine ameshajiuliza kama mkewe alimgonga mtu akakimbia. Ukweli wako, kwamba ulimdhamini kijana aliyelelewa na mama yako, una uchungu, lakini kwangu naona unabebeka kuliko anayoyawaza yeye. Hata hivyo wewe ndiye unayemjua. Kama ni mtu wa hasira zinazofika mkononi, shauri langu lote linabadilika, na ningetaka kwanza uwe na ndugu au mzee wa kuaminika karibu. Barua yako haikusema hivyo. Imesema alikuonya. Kuna tofauti kati ya kumwogopa mtu na kuogopa kusikia "nilikuambia".

Kama utaamua kumwambia, wako wanaoanza na hesabu na wako wanaoanza na mama. Ukianza na hesabu atasikia dola 7,400 na sahihi iliyofichwa. Ukianza na sababu iliyokushinda kumkatalia yule kijana, huenda akasikia kitu kingine kabla ya kukasirika. Akikasirika, ana haki ya kukasirika kidogo. Kama kusema kwa mdomo kunakushinda, iweke karatasi mezani ukiwa umekaa naye, aisome mwenyewe. Au mtafute mtu mnayemheshimu wote wawili awe katikati, ingawa huko Houston, mnakojuana, utapima ni nani atakayetunza siri.

Nimeona pia kwamba kwenye barua nzima hujasema hata mara moja kwamba ulimpigia mdogo wako. Yuko Ohio, anafanya kazi sasa? Anajua kwamba deni limekugeukia? Umewalinda wanaume wawili, kila mmoja asimwone mwenzake, na kiingilio umelipa wewe peke yako. Pengine hana kitu. Pengine anaweza dola 150 kwa mwezi na anangoja aambiwe. Kumwambia si kumfedhehesha. Mama yako alimlisha sahani moja na wewe, kwa hiyo kuna maneno ambayo ni wewe tu unayeweza kumwambia akayasikia.

Sijui utaanzia kwa nani. Unaweza kuanza na shirika la taarifa za mikopo, ambalo halina hasira, ukaenda kwa mume ukiwa na makaratasi kamili mkononi. Hatari yake ni kwamba kila siku unayongoja inamwongezea mashaka. Unaweza kuanza naye leo bila makaratasi, ukabeba hatari ya kutokuwa na majibu atakapokuuliza kiasi. Wengine huanzia Ohio.

Ila bahasha iondoe chini ya sembe. Umesema ilikuja wiki tatu zilizopita, maana yake kwenye zile siku 60 zimebaki wiki tano na siku chache. Jina la shirika na namba ya simu vimo kwenye ile karatasi ya pili. Ukishapata nakala, niandikie, tuisome pamoja.